Namna ya Kuikosa Nakala ya Hukumu kwa Heshima Zote

Hongera. Kesi imekwisha. Karani amepiga ukelele wa "kooorti!", hakimu ameinuka, na wewe umetoka nje ukinyoosha kola ya shati. Hukuelewa vizuri kilichosomwa, maana kilisomwa mbiombio na feni ya darini ilikuwa inalia kama mashine ya kukoboa, lakini ulisikia jina lako mara tatu, na mtu hatajwi mara tatu bure. Umeshinda. Ukifika kijijini ndivyo utakavyosema.

Kikwazo ni kimoja. Kuna karatasi inaitwa nakala ya hukumu, na karatasi hiyo haina adabu. Haijali wewe ni mkubwa wa nani wala umechinja kuku wangapi. Inasema kilichoamuliwa, basi. Ikifika barazani na kusomwa kwa sauti na mtoto wa darasa la saba, hadithi yako imekwisha.

Mwongozo huu utakusaidia usikutane nayo, tena bila mtu kukushuku kwamba unaikwepa. Mwalimu wako ni mzoefu. Nina kesi ya shamba kwenye bonde la Ruvuma, upande wa Kilambo, na kwa miaka minane nimeishi vizuri sana bila karatasi.

Hatua ya kwanza: usijue kesi yako iliamuliwa wapi

Ukiulizwa, jibu "mahakamani", kisha utazame pembeni kama mtu aliyechoshwa na mambo makubwa. Neno hilo ni pana, unaweza kupotea ndani yake mwaka mzima. Kuna Mahakama ya Mwanzo, kuna ya Wilaya, kuna ya Hakimu Mkazi, kuna Mahakama Kuu yenye masjala yake Mtwara mjini, ambayo watu wa Lindi nao wameijia miaka mingi. Kesi za ardhi zina njia yake pembeni: Baraza la Kata, halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ndipo zinaingia Mahakama Kuu. Kila nyumba ina masjala yake, rejista yake na karani wake. Karani wa nyumba moja hatunzi jalada la nyumba nyingine.

Hapo ndipo pa kupigia hodi. Kama kesi yako ni ya shamba na iliamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba, wewe nenda Mahakama ya Mwanzo. Karani, binti mwenye heshima zake, atakupa shikamoo na kukuuliza kesi ya nini. Usitamke neno shamba. Sema "ya madai". Si uongo, unadai. Atafungua rejista ya madai, atapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, na baada ya saa nzima atakwambia kwa upole, "Babu, humu haimo."

Mshukuru. Rudi nyumbani ukaseme: "Wamelificha jalada." Sentensi hii itunze kama mbegu. Inastahimili ukame, haihitaji ushahidi, na kila anayeisikia atakuongezea yake.

Kama upande mmojawapo ulikata rufaa, mambo yanazidi kunoga. Rufaa ikifunguliwa, mahakama ya juu huliita jalada la chini. Jalada linafungwa kamba, linapandishwa gari, linakwenda mjini. Wewe endelea kuliulizia kule lilikotoka. Na siku ukisikia limerudi, anza kuliulizia mjini.

Waliobahatika kuliko wote ni wale ambao kesi zao ziliamuliwa na Baraza la Kata. Mwaka 2021 sheria iliyanyang'anya mabaraza hayo kalamu ya kuamua; siku hizi kazi yao ni kusuluhisha tu, na wamepewa siku 30. Lakini zamani waliamua, na mengi waliyoyaamua yaliandikwa kwenye kaunta buku. Kaunta buku limo kabatini. Kabati limo ofisi ya kata. Ufunguo wa kabati uliondoka na mtendaji aliyehamishwa. Mtu mwenye kesi ya namna hii hanihitaji mimi. Anifundishe yeye.

Hatua ya pili: namba ya shauri ni ya watu waoga

Kila shauri lina aina, lina namba, lina mwaka. Vitatu hivyo vikiandikwa kwenye kipande cha karatasi ya sigara, karani mzuri atalifikia jalada kabla chai yake haijapoa. Kwa hiyo usiviandike. Siku ya kufungua kesi ulipewa samansi yenye namba hiyo juu kabisa. Itumie kufungia tumbaku. Ukiulizwa mwaka, sema "ule mwaka wa mvua nyingi". Ukiulizwa hakimu, sema "yule mweupe-mweupe, aliyehama".

Kwenye jina, sisi wa kusini tumebarikiwa. Mmakonde wa makamo ana jina alilozaliwa nalo, jina alilotoka nalo jandoni, jina aliloandikishiwa shule, jina la kitambulisho cha NIDA, na jina lililoko kwenye kadi ya chama cha msingi analouzia korosho. Hapo bado hatujagusa tahajia. Mimi jina langu linaanza na sauti ambayo karani aliyetoka Bara hakuwahi kuisikia maishani, akaiandika kwa namna aliyoona inafaa. Kwenye kesi ulitumia la jandoni, kwa sababu mashahidi wako ndilo wanalolijua. Unapokwenda kuomba nakala, toa la NIDA. Ukiambiwa majina hayalingani, onyesha mshangao wa mtu aliyetukaniwa ukoo.

Kuna kiapo cha kuthibitisha majina, unaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba fulani na fulani ni mtu mmoja. Kazi ya asubuhi moja. Mimi sijakwambia.

Hatua ya tatu: subiri pesa ya korosho

Hukumu imetoka Mei. Usiende Mei. Mfukoni hamna kitu, na mtu mwenye hadhi haendi mjini mikono mitupu. Juni unapulizia salfa. Julai na Agosti unaendelea kupulizia. Septemba unapalilia chini ya mikorosho. Oktoba minada inaanza na sasa unasubiri malipo. Novemba malipo yameingia, kuna harusi. Desemba umepata nafasi, unakumbuka kwamba majaji wa Mahakama Kuu huenda likizo kuanzia 15 Desemba hadi 31 Januari, na unaambia watu kwamba mahakama imefungwa. Masjala haifungwi. Lakini wewe si mtu wa kubishana na likizo ya wakubwa.

Wakati huo siku zinahesabika, na zina haraka kuliko wewe. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, rufaa ni ndani ya siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 45. Shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya lina siku 90 kufika Mahakama Kuu. Zikipita, unaandika maombi ya kuongezewa muda na kueleza kila siku ilikwendaje. Jibu la "nilikuwa napulizia salfa" halijawahi kusikilizwa kwa furaha.

Nikupe na siri moja tamu, kwa sababu nimekupenda. Anayetoka Mahakama ya Mwanzo halazimiki kuambatisha nakala ya hukumu kwenye rufaa yake. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo. Kwa hiyo unaweza kuisubiri kwa utulivu karatasi usiyoihitaji mpaka muda ukuishie, na lawama ukawaachia masjala. Umaridadi wa namna hiyo hauwapati wengi.

Hatua ya nne: barua

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi huharibu wakaipata nakala kwa bahati mbaya.

Kuna watu wasio na staha wanaoandika barua ya mistari sita. Juu wanaweka anwani na namba ya simu inayopatikana. Wanaandika kwa hakimu mfawidhi, au kwa mwenyekiti wa baraza, au kwa naibu msajili kama ni Mahakama Kuu. Kwenye "Yah" wanaweka aina ya shauri, namba na mwaka, na majina ya pande zote mbili kama yalivyoandikwa kwenye jalada. Kisha wanataja tarehe ya hukumu na kuorodhesha wanachotaka: nakala ya hukumu, nakala ya dikrii, na mwenendo wa shauri. Wanasaini. Halafu, na hii ndiyo inaniuma zaidi, wanakwenda na barua mbili zinazofanana: moja wanaiacha, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, wanarudi nayo nyumbani. Mtu wa hivyo akiambiwa baadaye kwamba hakuomba, anatoa karatasi yenye muhuri. Huruma ya sheria anayo mfukoni: zile siku alizosubiri nakala ya lazima zinaweza kutolewa kwenye hesabu ya kuchelewa. Na kwa anayekwenda Mahakama ya Rufani, ili siku hizo zitolewe ni lazima kabisa aombe mwenendo kwa maandishi ndani ya siku 30 na mpinzani wake apelekewe nakala ya barua hiyo.

Wewe huandiki hivyo. Wewe una uchungu, na uchungu hauishi kwenye mistari sita.

Tafuta daftari la shule la mjukuu, chana karatasi nne za katikati. Anza: "YAH: KUDHULUMIWA." Kisha eleza tangu mwanzo. Eleza kwamba shamba lilikuwa la mjomba wako, ndugu wa tumbo moja na mama yako, na kwamba kwa mila za Kimakonde mrithi wa mjomba ni mtoto wa dada, ambaye ni wewe. Eleza kwamba mtoto wa marehemu, binamu yako, amesoma mpaka sekondari ya Ndanda na sasa anazungumzia sheria. Hapa unaruhusiwa kuwaambia kwamba zile sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, na sisi tunaofuata ukoo wa mama tukaachwa tukijadiliana chini ya mikorosho mpaka leo. Ni kweli tupu, na haihusiani hata kidogo na kuomba nakala. Iweke ukurasa wa pili.

Ukurasa wa tatu uwe wa mto. Ruvuma haina heshima ya mipaka; masika yakija inakula ukingo wa huku na kuutema upande wa Msumbiji, na ule mkungu uliopandwa kama alama mwaka wa Uhuru leo haujulikani uko nchi gani. Ukurasa wa nne, msalimie mwenyekiti na familia yake. Usiandike popote kwamba unaomba nakala. Mtu mwenye akili ataelewa.

Usiweke namba ya simu. Wakikuhitaji watakuita, kijiji kizima kinakujua.

Ukilazimika kutaja karatasi, taja moja tu, hukumu, na mwenendo uuache kabisa. Mwenendo ndiyo yale maandishi ya kila siku ya kesi: nani alikuwepo, shahidi alisema nini, nani aliuliza. Mawakili huukimbilia kwanza, kwa sababu makosa hulala humo. Katika Baraza la Ardhi na Nyumba mwenyekiti hukaa na wazee wa baraza wawili, nao wanatakiwa watoe maoni yao kwa maandishi kabla ya yeye kuandika hukumu. Mwenendo usipoonyesha kwamba maoni yale yalitolewa na pande zote zikayasikia, hukumu nzima inaweza kuanguka kwenye rufaa, na nyingi zimeanguka hivyo. Hukumu peke yake haikuonyeshi hilo. Ni nguo iliyopigwa pasi. Mwenendo ndio nguo ya ndani. Mtu mwenye haya haulizi.

Hatua ya tano: mtu wa chini ya mti

Karibu na kila mahakama kuna mti, na chini ya kila mti kuna kishoka. Utamjua kwa bahasha ya kaki na viatu vilivyochongoka. Yeye hakuulizi namba ya shauri. Anakuuliza, "Mzee, umetoka mbali?" Ukimwambia Kilambo, anafumba macho kwa uchungu kana kwamba alitembea nawe.

Nenda kwake moja kwa moja. Masjala, kama kuna ada, watakupa namba ya malipo ya serikali, ulipe benki au kwa simu, upate stakabadhi yenye jina lako. Mambo ya baridi hayo, hayana utu. Kishoka anakupa namba yake ya simu, ambayo ukituma pesa linatokea jina la mwanamke. Ni mhasibu, atakwambia. Pesa ya kwanza ni ya karatasi. Ya pili ni ya wino. Ya tatu ni ya "mheshimiwa, ni mtu wangu yule". Usiite rushwa. Iite nauli, soda, au shukrani iliyotangulia. Ipo sheria ya mwaka 2007 yenye jina lake kamili, na TAKUKURU wanalijua kwa moyo.

Usije ukauliza kama ni wakili. Mahakama imeweka orodha ya mawakili mtandaoni, unaandika jina unaona kama yumo na kama anaruhusiwa kufanya kazi. Kumtafuta mtu humo huku amekununulia chai ni ukosefu wa shukrani.

Wakulima wenzangu mtalielewa jambo hili upesi. Ni kangomba. Njaa imekubana, mnada bado, anakuja mtu na kipimo chake anachukua korosho zako kwa bei ya huruma, na wewe unamsindikiza hadi barabarani ukimshukuru. Tofauti ni kwamba wa korosho angalau anaondoka na kitu ulichokuwa nacho. Huyu wa mahakamani anakuuzia kilicho chako.

Baada ya miezi miwili atakuletea karatasi. Itakuwa na mihuri mitano, yote ya duara, na itakuwa inasema umeshinda. Weka fremu.

Hatua ya sita: mjukuu mwenye simu

Huyu ni adui. Wewe umejipanga miaka, yeye anakaa kibarazani, anabonyeza, anasema, "Babu, mbona iko hapa?"

Iko TanzLII, maktaba ya sheria ya mtandaoni, haina malipo wala neno la siri. Unaandika jina la upande mmoja wa kesi, hukumu inakuja nzima. Kwa sehemu kubwa zilizomo ni za Mahakama Kuu na za Rufani. Ya Baraza lako huenda usiikute. Lakini mjukuu mkorofi anajua kwamba hukumu ya rufaa, pale juu au kwenye aya za mwanzo, hutaja ilikotoka: jina la baraza au mahakama ya chini, namba ya shauri, mara nyingine na tarehe. Kwa dakika mbili ana kila ulichokisahau kwa makusudi katika hatua ya kwanza na ya pili.

Kinga yako ya kwanza ni bando. Usimnunulie. Kinga ya pili ni Kiingereza. Mahakama za Mwanzo zimezoea Kiswahili miaka yote, na sheria ya mwaka 2021 imekifanya kuwa lugha ya mahakama zote, lakini hukumu nyingi za Mahakama Kuu za kabla ya hapo, na nyingine za baada yake, zimeandikwa kwa lugha ya malkia. Mwache mjukuu atafsiri mwenyewe neno kwa neno. Wangu, aliyeishia kidato cha pili, alisoma kesi ya jirani akatangaza mbele ya wageni kwamba "shauri limepigwa nje". Jirani alilala na panga wiki nzima.

Hatua ya saba, ya wenye kesi za babu

Wewe unayetafuta hukumu iliyompa babu yako minazi ya Mikindani mbele ya liwali, kazi yako ni nyepesi. Mahakama za maliwali na za wenyeji zilifutwa na sheria mpya ya mahakama ya mwaka 1963, na ndipo zikaanza hizi za Mwanzo. Kumbukumbu za utawala wa kikoloni zilizosalia, ukitaka kuzikuta, utaanzia Dar es Salaam, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Kwa hiyo nenda Mikindani, kwenye boma la Wajerumani la mwaka 1895. Panda kilima taratibu, jasho likutoke vizuri. Waulize mapokezi lilipo jalada la babu yako. Watakuuliza utalala usiku mmoja au miwili, na chumba unataka kinachotazama bahari, kwa kuwa boma siku hizi ni hoteli.

Hatua ya mwisho: ikitokea ukaipata

Inatokea. Mimi ilinitokea mwaka jana, na nitasimulia kwa aibu.

Walipita watu wa kupima ardhi, wakasema atakayeandikwa ni mwenye karatasi. Mwanangu akanikazia macho siku tatu. Ya nne nikapanda Noah kwenda kwenye ofisi ambayo sitaitaja, nikiwa na barua yangu ya kurasa nne. Karani hakuisoma. Aliniuliza maswali matatu: shamba liko kata gani, mlishtakiana wewe na nani, na mwaka ule ulikuwa kabla ya uchaguzi au baada. Nikajibu kabla sijakumbuka mafundisho yangu mwenyewe. Akafungua rejista, akapata namba, akaniandikia barua ya mistari sita, nikasaini. Nikalipa ada kwa simu, nikapewa stakabadhi. Akaniambia nirudi Jumanne. Jumanne nikarudi, na ilikuwa tayari. Nilitaka kulia.

Kabla ya kukabidhiwa unasaini kwenye daftari la kutolea nyaraka. Nikainamisha kichwa nisaini. Mstari wa shauri letu ulikuwa na sahihi tayari. Ya binamu yangu, ile yenye mkia kama wa kenge, niliijua tangu tukiwa wadogo. Alikuwa ameichukua nakala yake wiki tatu baada ya hukumu. Miaka minane iliyopita.

Nikaenda kukaa chini ya mti, mbali na kishoka, nikasoma. Kurasa tano. Maombi yangu yalikuwa yameondolewa. Hayakutupiliwa mbali, yaliondolewa, na tofauti ya maneno hayo mawili haisikiki feni ikilia, inaonekana kwenye karatasi tu: yaliyotupiliwa mbali yamekwisha, yaliyoondolewa unaweza kuyarekebisha ukafungua upya. Sababu waliiandika pia. Fomu ya maombi haikueleza shamba liko wapi. Kwenye nafasi ya mahali na mipaka mimi niliandika, kwa mkono wangu, "pale pale kwa mjomba". Hakuna aliyeshinda. Kila upande ubebe gharama zake.

Miaka minane mimi nimeokota korosho za upande wa chini na yeye za upande wa juu, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kushindwa. Nilipochinja mbuzi, na yeye alichinja. Nilidhani anaficha fedheha.

Sasa fuata maelekezo. Ikunje nakala mara nne. Itie kwenye mfuko wa ndani wa koti, si kwenye sanduku, wajukuu wanafungua masanduku. Dai la ardhi lina ukomo wa miaka 12, hivyo nafasi ya kuchelewa bado unayo. Rudi kijijini na uso ule ule ulioondoka nao.

Wiki iliyofuata tulikutana kilioni, tukapewa mkeka mmoja. Koti langu lilikuwa linakwaruza kila nikipumua. Alisubiri dua iishe, akanisogelea.

"Binamu, nakala vipi? Umeipata?"

"Bado," nikasema. "Jalada liko kwa mwenyekiti."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa. "Hata langu," akasema, akanisogezea sahani ya ming'oko.